Draya Haina Pumzi, Nami Sina Suruali

Januari iliyopita nilikwenda kazini na suruali ya harusi. Siku tatu mfululizo. Kazi yenyewe kubeba maboksi ghalani, hapa Columbus, Ohio, na mimi niko katikati ya maboksi nimenyoosha mstari wa pasi kama bwana harusi aliyekimbiwa. Siku ya kwanza wenzangu walicheka. Siku ya pili wakanyamaza. Siku ya tatu msimamizi akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole kama nina kesi mahakamani.

Sina kesi. Nina draya.

Jinzi zangu zote zilikuwa mbichi. Moja nilishaijaribu Ijumaa yake. Niliivaa hivyo hivyo, nikajipa moyo kwamba itakaukia mwilini, kama tulivyokuwa tukifanya na kaptula za shule. Nikasahau kwamba kule kuna jua na huku kuna nyuzi hasi kumi. Kufika kituo cha basi pindo limeganda. Kila hatua linagonga kwenye kiatu. Ko, ko, ko. Ndani ya basi bibi mmoja wa Kizungu akanitazama miguu, akasimama, akaniachia kiti. Nadhani alidhani nina mguu wa bandia. Nikakaa. Ningemweleza nini? Nikakaa, na nikashuka nachechemea ili asijisikie vibaya.

Sasa kwetu Tandika, Dar es Salaam, mashine ya kukaushia nguo ni kamba. Misumari miwili, kamba, vibanio. Ikikatika unapiga fundo. Maadui zake ni wawili, mvua na mbuzi wa jirani, na wote unawaona wakija. Haina kitabu cha maelekezo. Haina fyuzi. Tangu nizaliwe sijasikia mtu kaita fundi wa kamba.

Hii ya huku ilikuja na nyumba. Zamani tulikaa apatimenti, tunafua kwa sarafu kwenye mashine za wote, ikiharibika tunahamia ya pili. Mwaka jana tukapata nyumba. Mwenye nyumba akatushusha besimenti, akapapasa lile boksi jeupe, akaongea dakika tano nzima. Nikawa naitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa ndiyo Kiingereza changu kikuu. Kwa akili yangu lile boksi lilikuwa jiko tu: unatia nguo, linazipika, maji yanaisha. Yanakwenda wapi? Sikuuliza. Nani anauliza maji ya wali yamekwenda wapi?

Septemba nguo zilikauka kwa dakika 40. Safi. Mwezi wa Oktoba nikafanya kazi moja ya maana pale nyuma ya nyumba, nitawasimulia, vumilieni. Novemba dakika 60. Desemba raundi mbili. Kufika Januari raundi tatu, na nguo zinatoka za moto na mbichi. Vyote viwili kwa pamoja! Unashika taulo linakuchoma, unalikamua linatoa maji. Kama maandazi uliyoyafunika kwenye hotpoti yakiwa bado yanafuka. Besimenti yenyewe imekuwa bafu la hoteli, vioo vinatoka jasho, ukuta unanuka soksi. Juu ya draya huwezi kuweka mkono.

Dawa yangu ikawa kuongeza moto. Kwani nguo mbichi inataka nini? Bili ya umeme ilipokuja, mama watoto aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna kiwanda tumefungua hajaambiwa.

Nikapiga simu Bongo. Shemeji yangu ni fundi redio Kariakoo. Draya hajawahi kuiona, lakini jibu pia hajawahi kulikosa.

“Elementi imekufa hiyo.”

“Shemeji, mbona linaunguza mkono?”

“Zinakufa kwa hatua.”

Nikaona huyu ndiye mtaalamu. Nilikuwa nakaribia kuagiza elementi siku lile dubwana lilipojiamulia lenyewe. Pipa linazunguka, joto hakuna. Baridi kama friji. Basi nikaita fundi wa Kimarekani. Dola 120 kubisha hodi tu, kabla hajashika bisibisi. Akaanza kwenye sanduku la breka. Nikajifunza kwamba draya ya umeme ya huku inakula volti 240, waya mbili zenye moto, na upande mmoja ukikatika pipa linazunguka bila joto. Breka zilikuwa nzima. Akafungua mgongo wa mashine, akachomoa kidude cheupe si kikubwa kuliko ncha ya kidole. Fyuzi ya joto. Kazi yake kuungua mashine inapopata homa kali, nyumba isiungue. Ikishaungua haiponi, unaweka nyingine. Akaweka nyingine.

Halafu akaniangalia machoni, akaongea polepole, kama unavyomwambia mtoto asishike pasi. Akataja vent, yaani njia ya kutolea hewa. Mimi nikasikia rent, kodi ya nyumba. Nikamwambia nimeshalipa, tena tangu tarehe mosi. Akarudia vent, kwa mkazo, anaonyesha ukutani. Nikamwonyesha risiti ya kodi kwenye simu. Akashusha pumzi, akaandika kitu kwenye karatasi yake, akaondoka zake. Nikamwambia mama watoto mafundi wa huku wana umbea, yeye kodi yangu inamhusu nini?

Wiki tatu tu. Fyuzi ikaungua tena. Ndipo nikaingia suruali ya harusi.

Aliyeniokoa ni jirani, mzee wa Kikongo kutoka Bukavu. Mtaani sote tunamwita Papa. Kazi za mikono huku amefanya zote, na Kiswahili chake mimi nakielewa robo tatu, robo iliyobaki naitikia kwa kichwa. Akaja jioni na jaketi lake refu. Nikamkaribisha besimenti. Akakataa. Akasimama nje kwenye theluji, anatazama kuta za majirani. Nami nikatazama. Kila nyumba ina kitundu chake pembeni na kila kitundu kinatoa mvuke mweupe, mtaa mzima kama vibanda vya chapati alfajiri. Ilikuwa Jumamosi, watu wanafua.

“Moshi ya kwako iko wapi, Papa?” akaniuliza. Kwake hata mimi ni Papa.

Tukaenda kutazama. Kwangu ukuta mkavu. Na mashine ndani inanguruma, nimeiwasha mwenyewe.

“Mashini haiko na bugonjwa,” akasema. “Iko nakosa pumuzi.”

Akanieleza pale pale, mimi naganda. Moto ni nusu ya habari. Ndani kuna feni. Inavuta hewa ya chumbani, hewa inapita kwenye elementi inapata joto, inaingia kwenye pipa inachukua maji ya nguo, inapita kwenye chujio, inatoka na yale maji kwa bomba hadi nje. Hewa ikikwama, maji hayana usafiri. Yanazunguka na nguo humo humo. Na joto nalo halina pa kwenda, linarundikana hadi fyuzi inajitoa mhanga. Yaani mimi miezi miwili naongeza moto kwenye mashine iliyozibwa pua.

Akainama kwenye kitundu changu. Akakuna kwa ukucha. Akanyamaza kidogo.

“Hii njo nini?”

Haya, sasa ile kazi ya maana ya Oktoba. Ndugu zangu, mimi mtoto wa Tandika. Nikiona tundu ukutani naona mbu, panya na mwizi. Niligundua kile kitundu kina vibao vitatu vya plastiki vinavyofunguka vyenyewe na kujifunga vyenyewe. Usiku. Vinachezacheza. Nikasema hapa kuna kitu kinaingia. Tulikuja na chandarua kutoka nyumbani, kimekaa sandukuni tangu tufike. Nikakata kona yake, nikaikunja mara mbili, nikaifunga kwa waya juu ya kitundu, nikakaza kwa plaizi. Kazi safi. Nikapiga hata picha.

“Neti,” nikamwambia Papa. “Ya mbu.”

“Mbu? Mu Januari?”

Kumbe vile vibao vinafunguka kwa sababu draya inapumua. Ikizimwa vinajifunga, baridi na ndege wasiingie. Vimebuniwa, vinajitosheleza, havikumwomba mtu chandarua. Na kumbe kanuni za ujenzi wa nyumba za huku zinakataza kabisa kuweka wavu mdomoni mwa bomba la draya, kwa sababu manyoya ya nguo yananasa. Yangu yalikuwa yamenasa. Papa alikata waya akakibandua chandarua kizima kizima, kimekuwa mkeka. Unene wa kidole. Na una matabaka, nyie! Kijivu, halafu tabaka jekundu, hilo ni lile blanketi la Krismasi. Juu yake bluu, hizo jinzi zangu. Historia ya familia yangu yote ya miezi mitatu, imekandamizwa vizuri.

Akachuna kipande kama yai, akakiweka juu ya theluji, akawasha kiberiti. Sikuona kikishika. Niliona kikiisha. Fyuu! Akaniambia watu wanaokwenda kulala porini na mahema hubeba haya manyoya makusudi, ya kuwashia moto.

Usiku ule sikulala. Nilisoma kwenye simu takwimu za zimamoto za serikali ya Marekani, za 2008 hadi 2010: mioto ya majumbani iliyoanzia kwenye draya ilikuwa kama 2,900 kila mwaka. Watu 5 wanakufa, 100 wanaumia, mali ya dola milioni 35 inateketea. Sababu inayoongoza, kutosafisha. Na mwezi unaoongoza kwa mioto hiyo? Januari. Nikaamka saa nane usiku, nikashuka besimenti na kaptula, nikainusa draya. Nikarudi. Nikashuka tena nikachomoa plagi.

Asubuhi Papa akaja na vifaa. Swali la kwanza, draya yako ya umeme au ya gesi? Nikamjibu nyeupe. Akafungua kinywa akakifunga. Ni swali la maana, kumbe: ya gesi moshi wake una sumu isiyo na harufu, hutakiwi kuiwasha bomba likiwa limechomolewa hata dakika moja. Akaona plagi, ile kubwa ya pini nne kama ya mashine ya kuchomelea. Umeme. Akapumua.

Swali la pili, chujio unasafisha? Nikamwambia hii yetu haina chujio. Mama watoto, aliyekuwa ngazini na kikombe cha chai, akashuka bila neno, akavuta kitu kutoka mdomoni mwa mashine, akakishika juu. Chujio. Kumbe miezi yote hiyo analisafisha yeye, kila baada ya raundi. Na ile pamba ya rangi rangi niliyokuwa naiona kwenye pipa la taka, mimi nilijua mdoli wa mtoto umepasuka.

Papa akalipeleka chini ya bomba la maji. Nikadhani maji yatapita, si ni chujio? Yakasimama juu yake kama kwenye bakuli. Vile vikaratasi vya marashi tunavyotia na nguo vinaacha utando, huuoni kwa macho, lakini hewa inauona. Dawa ni maji ya moto, sabuni na mswaki mzee. Mswaki mzee nikaukimbilia mimi, nipate na mimi la kufanya. Nikasugua vizuri sana. Jioni ndiyo nikagundua ulikuwa wangu, kwa ladha.

Sasa bomba lenyewe. Papa ana brashi ya duara yenye fimbo za plastiki, fimbo sita, unazifunga moja kwenye nyingine kwa kuzungusha, unachomeka mwisho kwenye drili, brashi inazunguka humo ndani inakwangua. Tukakubaliana mimi niwe nje na drili, yeye ndani.

“Kuume, Papa,” akaniambia. “Kuume tu.”

Yaani drili izunguke kulia. Kwenye drili kuna kitufe, ukikigusa inageuka. Na mimi kulia na kushoto huwa natofautisha kwa kukumbuka mkono wa ugali, na siku hiyo mikono yote miwili ilikuwa na glavu. Nikakigusa. Ikazunguka kushoto, vizuri tu, bila shida, nikasema mbona kazi rahisi. Ikawa rahisi zaidi. Ikawa rahisi kupita kiasi. Nikavuta. Ikatoka fimbo moja. Zile tano na brashi yake zimejifungua humo ndani, zimelala.

Nikasimama pale nje na drili inazunguka hewani. Nilifikiria kuondoka. Nina binamu Kentucky.

Papa hakusema kitu, na hilo ndilo lililoniuma. Alibomoa bomba kipande kwa kipande juu ya dari ya besimenti hadi akaifikia brashi yake. Humo kwenye maungio kulikuwa na skrubu ndefu zinachungulia ndani, na kila skrubu imefuga ndevu. Ndiyo maana huku maungio ya bomba la draya huzibwa kwa utepe wa alumini, si kwa skrubu ndefu zinazochungulia ndani. Tulijaza mifuko miwili ya sokoni. Kisha akatoa tepu akapima, maana nilishaanza kumlaumu aliyejenga nyumba. Bomba la inchi 4, kama inavyotakiwa. Urefu futi 16. Kona mbili kali. Kanuni inaruhusu futi 35, na kona kali ya nyuzi 90 unaihesabu kama futi 5, maana hewa ikifika konani inachoka, kama daladala. Kumi na sita na kumi, ishirini na sita. Urefu hauna kosa. Ukiacha zile skrubu, mjenzi hana kosa.

Mkosaji mwingine alionekana tulipoivuta draya kutoka ukutani. Kule nyuma, kati ya mashine na bomba la ukutani, kulikuwa na mpira wa foili, ule unaojikunjakunja kama tumbo la nyoka. Umebonyea bapa. Chapati kabisa, tena ya maji. Papa akauliza nani alisukuma mashine hadi ukutani namna hii. Mama watoto akanywa chai yake. Ni mimi. Nilitaka nafasi ya friza la kisamvu na samaki, nikaweka bega, nikasukuma, nikasikia kitu kinalalamika nyuma nikasukuma zaidi.

Nikakimbia dukani. Kwanza nikarudi na mpira mweupe wa plastiki, bei poa. Papa akanirudisha nao. Plastiki inayeyuka, na mikunjo yake inakusanya manyoya. Nikarudi na bomba gumu la bati na elbo. Kabla hatujaunga, akasema tuijaribu mashine bila bomba, kwa kuwa ni ya umeme, tujue kama feni yenyewe ina nguvu. Fyuzi mpya tumeshaweka. Taulo bichi ndani. Chungulia nyuma, akaniambia, useme kama hewa inatoka.

Nikachungulia kwa uso.

Inatoka. Miaka yote ya manyoya yaliyobaki tumboni mwa ile mashine ilitoka kwa pamoja, ya moto, ikanikuta kinywa wazi nasema “mbona sioni...” Nyusi, ndevu, pua, vyote. Nilipogeuka nilikuwa mweupe kama mpakua unga wa mashine ya kusaga. Na mama watoto alikuwa ameshaweka kikombe chini na kushika simu. Video ilifika kwenye grupu la familia kabla sijapiga chafya ya pili. Mama yangu alijibu kwa sauti, kutoka Tandika, kwa huzuni ya kweli: “Jamani mwanangu, mbona umezeeka hivyo? Huko hamli?” Shemeji wa Kariakoo naye akaandika: “Nilisema elementi.”

Tuliunga bomba. Tukasukuma mashine taratibu, Papa amenishika bega, tukaacha nafasi nyuma. Friza likahamia chini ya ngazi. Nguo sasa zinakauka kwa dakika 40, na huwa natoka nje na baridi yote kutazama mvuke wangu unavyopanda na wa wenzangu. Ghalani nimerudi na jinzi. Msimamizi akanipa pongezi, akidhani nimeshinda kesi.

Limebaki jambo moja. Mwenye nyumba nilimtumia risiti za bomba na za fundi, nikidai hela yangu kama mpangaji anayejua haki zake. Jana kajibu. Bomba atalipa. Ila karatasi ya yule fundi wa kwanza anayo, imeandikwa kwamba kuna kitambaa kimefungwa kwa waya kwenye mdomo wa nje, na anauliza ni nani aliyekiweka.

Nimeanza kuandika jibu mara nne. Mwenye Kiingereza kizuri cha kusema “mbu” mwezi wa Januari, tafadhali anisaidie.